Henri Chrétien: muzee wa nyota aliyefundisha sinema kukunja picha na kuikunjua

Siku moja baba mmoja alikuja kwetu studio na kle USB mukononi. Ndani yake mulikuwa video ya marehemu mama yake, iliyopigwa siku ya ndoa moja ya familia, zamani zile za kasete ndogo za DV. Kasete ilibaki miaka mingi ndani ya sanduku, kisha kijana mmoja wa kartye akaihamisha ndani ya ordinatere. Familia ilitaka kuiangalia siku ya kuondoa matanga.

Tulipoifungua, yule baba akanyamaza. Kisha akasema kwamba yule si mama yake. Mama yake alikuwa mwanamke wa mwili, mwenyi mashavu. Yule tuliyekuwa tunaona kwa ekra alikuwa mwembamba, mrefu, sawa mtu aliyeugua miezi mingi. Na kweli mama alikufa kisha kuugua sana, kwa hiyo ile sura iliwaumiza mara mbili: ugonjwa ulikuwa umeingia mpaka ndani ya siku ya furaha.

Lakini picha haikuwa imeharibika. Ilikuwa imekunjwa tu, na hakuna mtu aliyeambia ordinatere iikunjue. Ile kazi ya kukunja na kukunjua picha iko na historia, na ndani ya historia ile iko mtu mmoja anayestahili tumjue, hata kama alikufa zamani na hakuwahi kuwa mtu wa sinema. Jina lake ni Henri Chrétien.

Kijana wa Paris anayeangalia juu

Henri Chrétien alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 1 Februari 1879. Wakati ule sinema haikuwa bado. Watu walikuwa wanajua foto, lakini foto inayotembea walikuwa hawajaiona.

Kile kilichomvuta yeye kilikuwa mbingu. Ufaransa ya wakati ule ilikuwa na mtu mmoja mkubwa aliyependesha raia wa kawaida elimu ya nyota, Camille Flammarion. Vitabu vyake vilisomwa na watu wengi sana, na mwaka 1887 alianzisha chama cha wapenda nyota cha Ufaransa, fasi ambapo hata mtu asiye profesa aliweza kuja kusikiliza na kuangalia. Kijana Chrétien aliingia katika mzunguko ule, na ndani yake njo alijifunza kazi.

Kisha akaenda kutumika kusini ya nchi, kwenye kituo cha kuchunguza nyota cha Nice. Kituo kile kiko juu ya mlima, kinaangalia muji na bahari. Kuba lake kubwa lilitengenezwa na Gustave Eiffel, yule yule wa mnara wa Paris. Usiku alikuwa anaangalia nyota, muchana anafanya hesabu. Na hesabu njo ilikuwa nguvu yake. Wengine walikuwa wanasugua vioo na kujaribu, yeye alikuwa anaketi na karatasi, anafuata njia ya mwangaza mstari kwa mstari, mpaka anajua mwangaza utaangukia wapi mbele kioo hakijatengenezwa.

Karibu na mwaka 1910 alipata nafasi ya kwenda Marekani, ku California, kwenye kituo cha Mount Wilson. Kule alikutana na Mumarekani George Ritchey, fundi mkubwa wa kusugua vioo vya teleskopi. Walikuwa na shida moja: teleskopi za wakati ule zilionyesha vizuri nyota ya katikati, lakini nyota za pembeni zilitoka na mkia, sawa matone ya mvua kwenye kioo cha gari. Ritchey alileta mikono, Chrétien akaleta hesabu. Wakapata namna ya kupinda vioo viwili pamoja ili picha ikuwe safi katikati na pembeni pia.

Teleskopi ya namna ile inaitwa mpaka leo Ritchey-Chrétien. Miaka mingi ilipita bila watu kuijali sana, juu kusugua vioo vile ilikuwa kazi ngumu. Lakini teleskopi ya Hubble, ile Wamarekani walituma angani mwaka 1990, yenyi kioo cha metre 2,4, iko ya aina ile. Kila foto ya Hubble uliyoiona kwenye telefone yako, hesabu ya Chrétien imo ndani.

Taa nyekundu ya nyuma ya moto

Kisha vita ya kwanza ya dunia, Ufaransa iliona kwamba inakosa wataalamu wa vioo: wa kutengeneza darubini, kamera, vyombo vya jeshi. Wakafungua Paris shule ya juu ya kazi ile, Institut d'optique. Chrétien alikuwa kati ya wale walioisimamisha, na akafundisha mule miaka mingi. Somo lake lilikuwa namna ya kuhesabu vioo kadhaa vinavyotumika pamoja, na masomo yale yakatolewa vitabu ambavyo wanafunzi wa Ufaransa walivitumia kwa muda mrefu.

Hakuwa profesa wa kubaki katika karatasi tu. Miaka ya 1920 alitengeneza kitu ambacho kila mkaaji wa huku anakijua, hata kama hajui jina la mwenye kukigundua: katafote. Ile plastiki nyekundu iliyo nyuma ya kinga na moto, ile haina pile wala waya, lakini gari ikija nyuma usiku inawaka. Siri yake ni kwamba inarudisha mwangaza fasi ileile ulikotoka. Taa ya gari inaipiga, mwangaza unarudi moja kwa moja machoni mwa dereva, na dereva anajua kwamba mbele iko mtu. Motari wetu wanaorudi nyumbani saa mbili ya usiku kwenye barabara isiyo na umeme wanalindwa na kile kipande kidogo. Wale wanaokitoa ili moto ikuwe na sura nzuri wafikiri mara mbili.

Picha yenyi pembe nne: ilitoka wapi?

Ili kuelewa kile Chrétien aliletea sinema, tuanze na sura ya picha yenyewe. Kila picha iko na upana na urefu wa kwenda juu. Tukigawanya upana kwa ule urefu, tunapata namba, na namba ile njo inasema picha iko ya umbo gani.

Mwanzo wa sinema, umbo lilikuwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, William Dickson, aliyekuwa anatumika kwa Thomas Edison kule Marekani, alichukua utepe wa filme wenyi upana wa milimetre 35, akatoboa matundu pembeni, na kila picha akaipa matundu manne ya urefu. Picha ikatoka na umbo la 4 kwa 3: kama upana ni sentimetre 4, kwenda juu ni sentimetre 3. Si kwamba kuna sheria ya macho inayodai vile. Ni fundi mmoja aliamua, mashini zikatengenezwa kwa kipimo chake, wengine wakafuata. Televizio ilipokuja, ikachukua umbo lilelile. Wale wetu waliokulia mbele ya televizio nzito za tumbo kubwa nyuma wanalijua: karibu mraba.

Lakini macho ya mtu hayaoni vile. Simama Goma unaangalia ziwa, ama simama Bukavu juu ya mlima unaangalia Idjwi: macho yanakwenda kushoto na kuume kuliko juu na chini. Watu wa sinema walisikia ile njaa mapema. Mwaka 1927 Abel Gance alionyesha Paris filme yake juu ya Napoléon. Kwa sehemu fulani za filme ile alitumia mashini tatu pamoja na ekra tatu zimepangwa bega kwa bega. Ilikuwa ajabu, lakini ilikuwa gharama na taabu. Mashini tatu zinapaswa kutembea pamoja bila moja kuchelewa, na mistari ya kuunganisha picha inaonekana.

Hypergonar: godoro juu ya moto

Ndani ya miaka ileile, 1926 na 1927, Chrétien alikuja na jibu lingine. Alisema kwa hesabu zake kwamba haina lazima ya mashini tatu. Moja inatosha, na utepe uleule wa milimetre 35 unatosha.

Fikiri mtu amenunua godoro la mousse sokoni na anataka kulipeleka nyumbani kwa moto. Godoro halienei juu ya kiti. Anafanya nini? Hakati godoro. Analikunja, analifunga kamba, na akifika nyumbani analikunjua, linarudi vile lilikuwa. Hypergonar, lile jina Chrétien alipatia kioo chake, ilifanya vile kwa picha.

Mbele ya kamera aliweka kioo ambacho hakikupindwa pande zote sawa lenzi ya kawaida. Kilipindwa upande mmoja tu, sawa kipande cha chupa. Kioo cha namna ile kinabana picha kwa upana na kuacha urefu wake vile uko. Kwa hiyo kamera inaona fasi pana mara mbili, lakini kwenye utepe picha inaingia katika nafasi ileile ya zamani. Ukitazama utepe kwa macho, watu wote ni wembamba na warefu, magurudumu ya gari ni sawa mayai yaliyosimama. Halafu siku ya kuonyesha, unaweka kioo kingine mbele ya mashini, kinafanya kazi ya kinyume: kinanyosha picha kwa upana mara mbili. Mayai yanarudi magurudumu, watu wanarudi na mwili wao.

Mafundi wa Ujerumani, kwenye kampuni ya Zeiss kule Jena, walikuwa wamefikiri vioo vya namna ile tangu mwisho wa karne ya 19. Chrétien njo aliifanya itumike kweli kwa sinema.

Na tunarudi kwa yule mama wa kasete. Kamera yake ya DV ilifanya jambo lilelile bila kioo, kwa hesabu tu. Picha ya DV ya mtindo wa PAL iko na pikseli 720 kwa upana na 576 kwenda juu, hata kama umepiga picha ya kawaida ao picha pana. Ukipiga pana, kamera inakunja ile picha ili ienee ndani ya pikseli zilezile, kisha inaacha alama ndogo ndani ya faili yenye kusema: mukinionyesha, munikunjue. Yule kijana alipohamisha kasete, alama ile ilipotea. Godoro lilifika nyumbani, hakuna mtu aliyefungua kamba.

Filme moja, kisha kimya

Mtu wa kwanza kujaribu Hypergonar ndani ya filme ya hadisi alikuwa kijana Claude Autant-Lara, ambaye kisha alikuwa mtu mkubwa wa sinema ya Ufaransa. Alichukua hadisi ya Jack London ya mtu anayetafuta kuwasha moto katika baridi kali, na filme ikaitwa Construire un feu. Aliipiga mwisho wa miaka ya 1920, ikaonyeshwa Paris mwaka 1930.

Autant-Lara hakutumia kile kioo kwa kupanua picha tu. Alikigeuza pia, ili picha isimame, ikuwe ndefu kwenda juu. Miti mirefu, mtu mdogo chini. Wale wanaofikiri kwamba picha ya kusimama imezaliwa na telefone wajue kwamba wazee walikuwa wameigusa miaka karibu 80 mbele ya telefone za ekra kubwa.

Filme ile haikufika mbali. Wakati uleule sauti iliingia katika sinema. Wenye majumba ya sinema walikuwa wametoa makuta mingi kununua mashini za sauti, na hakuna aliyetaka kusikia habari ya kioo kipya na ekra mpya. Filme ile leo imepotea, na Hypergonar ikawekwa kando. Ilionekana tena katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1937, watu wakashangaa, wakarudi nyumbani. Chrétien akaendelea kufundisha. Haki yake ya ugunduzi, ambayo sheria inalinda kwa miaka fulani tu, ikaendelea kuhesabu siku zake mpaka ikaisha.

Wamarekani wanabisha mlango

Kisha vita ya pili ya dunia, televizio iliingia katika nyumba za Wamarekani. Watu wakaacha kwenda sinema. Wakubwa wa Hollywood wakaogopa. Walitafuta kitu ambacho kile kisanduku cha nyumbani hakiwezi kutoa, na kitu kile kilikuwa ukubwa. Mwisho wa Septemba 1952, New York, wakaonyesha Cinerama: tena mashini tatu na ekra kubwa iliyopindwa, karibu na ndoto ileile ya Gance. Watu wakajaa. Lakini taabu ilikuwa ileile ya mwaka 1927.

Katika Desemba ya mwaka ule, Spyros Skouras, mkubwa wa kampuni ya 20th Century-Fox, akachukua njia mpaka Ufaransa kumtafuta muzee Chrétien. Muzee alikuwa karibu kutimiza miaka 74. Vioo vyake vya zamani vilikuwa bado. Fox ikavinunua pamoja na ujuzi wake, ikaupatia mtindo ule jina jipya, CinemaScope, na kazi ikaanza mbio. Filme ya kwanza kuonyeshwa, The Robe, ilitoka New York katika Septemba 1953. Umbo lake lilikuwa 2,55 kwa 1: karibu mara mbili ya umbo la Dickson. Kisha mtindo ule ukakaa kwenye 2,35.

Mwaka 1954 Chrétien akahesabiwa kati ya wale waliopewa Oscar ya ufundi kwa kazi ya CinemaScope, pamoja na mafundi wa Fox. Profesa wa nyota, ndani ya orodha ya watu wa Hollywood! Miaka 27 hivi ilikuwa imepita tangu kile kioo kuzaliwa. Hakuishi nayo sana. Alikufa Washington, Marekani, tarehe 6 Februari 1956, siku tano tu kisha kutimiza miaka 77.

Mashavu makubwa na watu waliokatwa

Vioo vya kwanza vya CinemaScope vilikuwa na ugonjwa wao. Kamera ikisogea karibu na uso wa mtu, kukunja na kukunjua kulikuwa hakulingani tena. Picha ilinyoshwa kupita vile ilikuwa imebanwa, na uso unatoka umevimba. Wachezaji wa sinema hawakupenda, na watu wa kazi wakaupatia ule uso jina la ugonjwa wa kuvimba mashavu. Kampuni nyingine, Panavision, njo ilitoa vioo bora mwisho wa miaka ya 1950. Kwa hiyo malalamiko ya yule baba wetu si mapya. Tangu mwanzo, mtu anakubali picha ikuwe pana ao ndogo, lakini hakubali sura ya mtu anayemjua igeuzwe.

Ugonjwa wa pili ulikuja kutoka televizio. Filme zile pana, zilipoonyeshwa kwenye televizio ya 4 kwa 3, zilikuwa hazienei. Njia moja ilikuwa kuacha mistari mieusi juu na chini. Lakini watu walilalamika kwamba wamelipa televizio nzima na wanaona nusu. Basi vituo vingi vikachagua kukata pembeni. Filme ilikuwa na watu wawili wanaongea, mmoja kushoto mwisho, mwingine kuume mwisho. Kwenye televizio ukaona mmoja tu, ama ukaona pua mbili na meza katikati.

Hata ile namba 16:9 ya televizio zetu za leo imezaliwa na ule ugomvi. Katika miaka ya 1980 wataalamu walitafuta umbo la kati, ambalo linaweza kupokea picha ya zamani ya Dickson na picha pana ya Chrétien bila kumuonea mmoja sana. Ukichukua 1,33 na 2,35, ukatafuta kati yao kwa njia ya kuzidisha, unapata karibu 1,77. Na 16 gawanya kwa 9 ni 1,78. Njo pale.

Kile alichoacha ndani ya ordinatere yetu

Sasa tuseme na wale wanaofanya montaji huku kwetu, wa ndoa, wa kanisa, wa mashirika, na sisi wa radio tunaotia video kwenye intaneti. Ukifungua programu sawa Kdenlive, Shotcut ao Premiere, kuna maswali mawili tofauti, na makosa mengi yanatoka kwa kuyachanganya.

Swali la kwanza: faili hii inasomwa vizuri? Mbele ya kukata chochote, angalia kitu unachojua kwamba ni mviringo: sahani, gurudumu, saa ya ukutani. Ikiwa ni yai, picha bado imekunjwa. Usiivute kwa mukono mpaka ionekane vizuri kwa jicho. Enda ndani ya sifa za faili, angalia umbo la pikseli, sema kwa programu kwamba video ile ni 16:9. Ni kubadilisha namba moja, na montaji yote inafuata. Jua pia kwamba kamera fulani za zamani za HDV zinaandika 1440 kwa 1080, hata kama picha ni ya 16:9. Ile pia ni godoro lililokunjwa.

Swali la pili: picha inakwenda kuonyeshwa wapi? Pale njo unachagua umbo la projekti: 1920 kwa 1080 kwa televizio, 1080 kwa 1920 kwa telefone inayosimama. Kama picha na projekti havina umbo moja, uko na njia tatu. Unaacha mistari mieusi. Unakata. Ao unavuta picha mpaka ijaze. Ya tatu uisahau. Ni ile ya kuvimbisha na kukondesha watu.

Kati ya mistari na kukata, fanya hesabu mbele ya kuamua. Filme ya zamani ya 4:3 ndani ya ekra ya 16:9 inaacha mistari ya pikseli 240 kushoto na 240 kuume, hakuna kinachopotea. Lakini ukikata picha ya 1920 kwa 1080 ili isimame 9:16, unabaki na upana wa pikseli 607 hivi kati ya 1920. Ni chini ya moja ya tatu. Sehemu mbili za tatu za kile kamera iliona zimekwenda.

Na mara nyingine kile kinachokwenda ni mtu. Kwetu ilitokea, na kosa lilikuwa langu mimi mwandishi. Tulipiga picha mkutano wa wakaaji juu ya ugomvi wa shamba. Wazee wanaume walikuwa katikati ya meza, na mama mmoja mjane, mwenye kesi yenyewe, alikuwa ameketi mwisho wa benchi. Nilikata video ili isimame, kwa haraka, katikati tu. Ikatoka, ikaangaliwa. Siku ya pili yule mama akatuma mtoto wake kutuuliza kwa nini tumeonyesha kesi yake bila yeye. Sauti yake ilikuwa inasikika, lakini kwa macho hakuwa hapo. Tukaitoa, tukairudilia, tukisogeza lile dirisha la picha kwa mukono kila mara mtu mwingine anapoongea: programu zote zinaruhusu kutia alama hapa na pale ili dirisha litembee. Pale ambapo mama na mzee walikuwa wanajibizana, tuliacha mistari mieusi, wote wawili wakaonekana. Inachukua saa mbili zaidi. Ni kazi.

Mama amerudi

Kwa video ya yule baba, haikuchukua saa mbili. Tulifungua sifa za faili, tukaona imesomwa 4:3, tukaibadilisha kuwa 16:9. Picha ikafunguka kushoto na kuume. Mashavu ya mama yakarudi, kitambaa cha kichwa kikakaa vizuri, sahani mezani zikarudi kuwa mviringo. Yule baba alisogea karibu na ekra. Aliomba turudie pale mama anapocheza.

Kisha akaomba kipande kidogo cha kutumia dada yake kwa telefone. Tukamuuliza kama anataka kijaze ekra ama tuache mistari juu na chini. Aliangalia vile mama anavyocheza, mikono imefunguliwa pande zote mbili, akasema tuache mistari.

Wewe mwenye kasete za familia ndani ya sanduku, ukiona wapendwa wako wamekonda ghafla ama wamevimba, usitupe, na usilaumu kasete. Peleka kwa mtu wa montaji, umuambie aangalie kwanza ile namba.